Mshauri wa masomo chuoni: yanayodhaniwa na yalivyo

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza humtafuta mshauri wao wa masomo siku ya mwisho ya usajili, wanataka sahihi tu. Si uvivu. Wameshaambiwa na waliowatangulia kwamba kazi ya mshauri ni hiyo, nao wakaamini. Imani hiyo na nyingine za aina yake zimewachelewesha watu wenye uwezo mkubwa kuhitimu.

Inayoumiza kuliko zote ni hii: “mshauri ndiye anayenipangia kozi.” Hapana. Kanuni za vyuo vingi zinasema bayana kwamba mwenye wajibu wa kutimiza masharti ya kuhitimu ni mwanafunzi mwenyewe. Mshauri hukusaidia kuyaelewa masharti hayo na kuona mbele, lakini kosa likitokea, anayerudi darasani ni wewe.

Nayo masharti hayaishii kwenye jumla ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa krediti 60, hivyo shahada ya miaka mitatu hufikia 180. Marekani, shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120. Mtu anaweza kufikisha idadi hiyo, hata kuipita, na bado asihitimu kwa kukosa kozi moja ya lazima.

Kuna pia kozi zinazotegemeana. Tuseme kozi ya utafiti ya mwaka wa tatu inadai uwe umefaulu takwimu, na takwimu inadai hisabati ya mwaka wa kwanza. Kama takwimu hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, ukiikosa unasubiri mwaka mzima, na kila kinachoifuata kinasogea nayo. Mshauri mzoefu huliona tatizo hilo mapema sana, ilimradi umwendee mapema. Siku ya mwisho ya usajili hawezi kukufanyia mengi.

“Mshauri ni wa wanaofeli.” Historia ya kazi hii inasema vingine. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, alipanua utaratibu wa wanafunzi kujichagulia kozi. Uhuru huo ulileta maswali mengi, na kabla karne ya 19 haijaisha chuo hicho kilikuwa na bodi ya washauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ushauri ulihitajika kwa sababu chaguo zilikuwa nyingi, na mwenye alama za juu ana chaguo nyingi zaidi: kufanya utafiti na mhadhiri, kusoma muhula mmoja nje ya nchi, kujiandaa kwa shahada ya uzamili. Mwaka 1972 Burns Crookston, mtaalamu wa elimu ya juu wa Marekani, alitetea hoja kwamba kushauri ni namna ya kufundisha. Nakubaliana naye kabisa.

“Anaweza kunibadilishia alama.” Hawezi. Alama ziko mikononi mwa mhadhiri na vikao vya mitihani. Mshauri anaweza kukueleza taratibu za rufaa, au kuunga mkono ombi lako.

“Kozi ikinishinda naiacha tu.” Hapa naomba usome taratibu. Ukiiacha ndani ya muda wa kubadilisha kozi, kwa kawaida haitaonekana kwenye nakala yako ya matokeo. Muda huo ukipita, vyuo vingi huweka alama ya kuonyesha kwamba ulijitoa, na ukichelewa zaidi unaweza kuandikiwa umefeli. Halafu kuna uzito wa masomo. Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye krediti chini ya 12 kwa muhula kwa kawaida hahesabiwi kuwa wa muda wote. Msaada wake wa fedha unaweza kupungua, na aliyetoka nje ya nchi anaweza kuhatarisha hadhi ya viza yake asipopata idhini kwanza. Kozi moja tu! Muulize mshauri na ofisi ya fedha kabla hujabonyeza chochote.

Wengine hudhani mshauri lazima ajue kila kitu, wakikosa jibu wanakata tamaa. Kuna washauri ambao ni wahadhiri, na hao wanajua fani yako na inakokwenda. Wengine ni watumishi walioajiriwa kwa ushauri peke yake, nao wamebobea katika kanuni. Msongo wa mawazo, msiba au ugonjwa vina wataalamu wake, na mshauri mzuri atakuelekeza kwao.

Ukienda kumwona, chukua nakala ya matokeo, mwongozo wa programu yako na rasimu ya mihula miwili ijayo uliyoipanga mwenyewe. Mkishakubaliana, mwandikie barua pepe fupi yenye yale mliyoafikiana, ili kumbukumbu ibaki kwenu wote wawili. Na kama kweli hamwelewani, uliza idarani utaratibu wa kubadilisha mshauri. Mahali pengi upo.