Kasha la kioo na kitalu cha Hackney: yanayosemwa na yaliyotokea

“Kasha la kioo la kupandia mimea lilibuniwa liwe pambo la sebuleni.”

Sivyo. Mwaka 1829, Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa mashariki ya London, alimfukia pupa wa nondo kwenye mboji mbichi ndani ya chupa, akaiziba, akasubiri nondo atoke. Badala yake akaona kangaga na nyasi vikichipua. Makangaga aliyopanda nje ya nyumba yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa makaa ya mawe, lakini hili la chupani liliishi karibu miaka 4. Kutokana na chupa hiyo likaja kasha la kioo lililofungwa; urembo wa sebuleni ulifuata baadaye.

“Ukifunga mfuniko mimea itakosa hewa.”

Hofu hii ndiyo inayowafanya wengi wafungue kila saa na kumwagilia kila siku, hadi mizizi ioze. Jani likipata mwanga hutumia kaboni dayoksaidi na kutoa oksijeni. Mimea yenyewe na vijidudu vya udongoni hupumua, na kaboni dayoksaidi inarudi. Maji nayo huzunguka humohumo. Litazame kasha asubuhi: ukungu umetanda kwenye kioo, tone linaungana na tone, linakuwa zito, linateleza hadi kwenye udongo. Mizizi itayafyonza maji hayo, na majani yatayatoa tena kuwa mvuke. Kioo kikilowa kutwa nzima, ujue maji yamezidi. Acha mfuniko wazi siku moja. Cha kuogopa hasa ni jua kali, maana kioo kilichofungwa hugeuka tanuri. Kaktasi usizitie humo kabisa, hata kama muuzaji amekuonyesha picha nzuri.

“Sifa zote ni za daktari.”

Hapa naona watu wa vitalu wamedhulumiwa. Joachim Conrad Loddiges, mtunza bustani Mjerumani, alichukua biashara ya mbegu huko Hackney, London, na familia yake ikaikuza hadi kuwa miongoni mwa vitalu maarufu vya Ulaya, chenye jumba la kioo la mimea ya jamii ya mitende. Adui wao alikuwa bahari. Miche ilikaa miezi sitahani, ikipigwa na chumvi, huku mabaharia wakiyabania maji ya kunywa. George Loddiges, mwana wa Conrad, alisema kwamba zamani katika miche 20 walikuwa wakipoteza 19.

Mwaka 1833 yeye na Ward walipeleka makasha mawili Sydney. Mimea ilifika hai, na makasha yakarudi na mimea ya Australia, hai vilevile. Kufikia 1842 kitalu cha Loddiges kilikuwa kimeshatumia makasha zaidi ya 500, na hesabu ikageuka: yalipotunzwa vizuri, katika miche 20 walipona 19. Wazo la daktari lilipata mkono wa mtu anayejua mche unavyofungwa, unavyopakiwa na unavyopokelewa.

“Kitalu kama hicho lazima kilifilisika.”

Kilichokiondoa ni ardhi. Ilikuwa ya kukodi, na London ilikuwa imeshafika mlangoni ikitafuta viwanja vya nyumba. Mwaka 1854 mti mmoja mkubwa wa kitalu hicho, wa jamii ya mitende, ulivutwa barabarani na farasi 32 hadi Crystal Palace, jumba kubwa la kioo la maonyesho huko Sydenham, London. Jina la Loddiges limebaki kwenye barabara moja ya Hackney.

“Urujuani wa Afrika, ua dogo la zambarau la kwenye makasha haya, ni la Kizungu, tena ni urujuani.”

Si la Kizungu wala si urujuani. Familia yake ni nyingine kabisa. Asili yake ni Tanga na milima ya Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Aliyelitoa kwa umma ni tena mtu wa kitalu, Benary wa Erfurt, aliyeuza mbegu zake. Leo liko madirishani dunia nzima, na kule Usambara aina kadhaa za jamii yake zinatoweka kila msitu unapofyekwa na mwamba kuachwa juani.