Plagi Kuingia Si Hoja

Wanaofufua magari ya zamani ya jeshi la Marekani huanza na injini, ikaja rangi, intakomu, mtambo wa wanakifaru kuongea wao kwa wao garini, ikawa ya mwisho. Hapo ndipo maneno ya kuokoteza huwala watu fedha.

Dhana sugu kuliko zote ni hii: plagi ikiingia, maiki itafanya kazi. Siyo. T-17, maiki ya mkononi ya vifaru vya Sherman wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni ya kaboni. Ndani yake mna chembe ambazo sauti huzibana na kuziachia, ukinzani ukapanda na kushuka, na mkondo unaopita humo ndio unaobeba maneno. Mkondo huo sharti utoke kwenye intakomu yenyewe. M-138 ya DH-132, kofia ya wanakifaru wa miaka ya baadaye, inayokwenda na AM-1780, ampulifaya ya intakomu ya magari hayo mapya zaidi, ni ya koili na sumaku. Huzalisha umeme wake, kidogo mno. Ukiungaunga waya ukaichomeka T-17 kwenye AM-1780, itanyamaza kwa kukosa wa kuilisha. Ukigeuza, M-138 kwenye mtambo wa Sherman itanong'ona tu.

Cha kuchekesha, maiki nyingi za marubani wa ndege ndogo za kiraia zimeundwa ziige kaboni, hata plagi yao ni ileile ya T-17. Hizo zaweza kupatana na Sherman kuliko kofia halisi ya mwanakifaru!

Wengine husema maiki ya kaboni ikinyamaza imekufa. Mara nyingi chembe zimegandamana tu kwa unyevu na uzee. Igongegonge taratibu kiganjani kabla ya kuitupa.

Na yule anayesikika vizuri kwenye intakomu lakini redio hairushi, mbona analaumu maiki? Maiki ni nzima. Atazame swichi ya RADIO TRANS kwenye AM-1780: ikiwa kwenye CDR ONLY, ni kamanda peke yake anayeruhusiwa kurusha.

Kelele za mvumo nazo huhesabiwa ugonjwa wa ampulifaya. Anza na waya wa ardhi, ule unaounga mtambo na bodi ya gari, ukwangue kutu na rangi mpya chini yake.

Hujui maiki uliyouziwa ni ya aina gani? Pima ukinzani wake kwa mita, swichi ya kusemea ukiwa umeibonyeza, kisha itikise. Ya kaboni, mshale hautulii. Ya koili, unabaki palepale.