Vali inayovuja kidogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Binti yangu alipogundulika, akiwa na umri wa miaka 11, kuwa vali moja ya moyo wake inavuja kidogo, swali la kwanza la waliokuja kutupa pole lilikuwa ni lini anapelekwa India. Walikuwa na nia njema, na woga wao ulikuwa wangu pia. Tangu hapo nimempeleka kliniki kwa miaka 5, na nimejifunza kwamba baadhi ya yanayosemwa mitaani kuhusu ugonjwa huu yanaweza kumgharimu mtoto afya yake.

"Vali ikishaharibika, kinachofuata ni upasuaji." Moyo una vali 4, mfano wa milango inayoruhusu damu ipite upande mmoja tu, na kila mlango hufunguka na kufunga takriban mara 100,000 kwa siku. Inayovuja kwa binti yangu ni vali ya mitrali, iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto. Siku ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, alilalia ubavu wa kushoto, akapakwa jeli ya baridi kifuani, na daktari akanionyesha kwenye skrini mstari mwembamba wa rangi ya buluu uliorudi nyuma kila moyo ulipojikaza, kisha ukapotea bila kufika mbali. Chemba zilikuwa hazijatanuka, na moyo ulikuwa ukisukuma damu kwa nguvu ya kawaida. Basi neno "kidogo" katika ripoti hutokana na vipimo, wala daktari halitumii kwa ajili ya kumfariji mzazi. Wengi wenye uvujaji wa kiwango hicho huishi bila kupasuliwa. Mtu mzima kwa kawaida hurudia eko kila baada ya miaka 3 hadi 5, ilhali mwenye uvujaji wa wastani hurudia kila baada ya mwaka 1 au 2. Mtoto ambaye vali yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, kama binti yangu, huangaliwa kwa ukaribu zaidi.

"Ugonjwa huu huletwa na baridi." Jina ndilo linalopotosha. Homa ya baridi yabisi hailetwi na kulala sakafuni wala kunyeshewa mvua. Huanza na maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka, ambayo yasipotibiwa yanaweza, wiki 2 hadi 4 baadaye, kuufanya mwili wa mtoto ushambulie viungo na vali zake wenyewe. Wapo pia wanaoamini kwamba koo linalosumbua dawa yake ni kukata kimeo. Kukata kimeo hakuondoi bakteria hao hata kidogo, bali humwachia mtoto kidonda kinachoweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi mapya. Ninayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu wiki chache kabla ya magoti ya binti yangu kuvimba aliugua koo, nasi tukamsukutulisha maji ya chumvi na kungoja lipite, badala ya kumpeleka zahanati.

"Anacheza, anakula, sindano za nini tena?" Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, nami ninawaelewa. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 ni nzito na inauma, na huenda ikaendelea kwa miaka 10 au zaidi. Lakini haichomwi ili kutibu maumivu ya leo. Inazuia homa isirudi, kwa kuwa kila inaporudi huweza kuiharibu vali zaidi, na ile iliyokuwa ikivuja kidogo ikawa inavuja sana. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watoto na vijana 818 ambao dalili zao za awali zilionekana kwa eko tu: baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Kuhusu maumivu, muuguzi mmoja alitufundisha kuishika dawa mkononi ipoteze ubaridi, kisha kuisukuma polepole huku mtoto akiulegeza mguu. Tangu siku hiyo machozi yalipungua.

"Asikimbie, asicheze mpira." Kwa uvujaji mdogo usio na dalili, mazoezi ya kawaida hayakatazwi, na kumfungia mtoto ndani humdhoofisha bure. La kuripoti mapema ni kuishiwa pumzi kwa kazi aliyokuwa akiimudu, kushindwa kulala bila kuinua mito, miguu kuvimba, au moyo kwenda mbio bila sababu.

"Lazima anywe antibayotiki kabla ya kung'oa jino." Miongozo ya zamani ilisema hivyo, lakini tangu mwaka 2007 wataalamu wa Marekani huishauri hasa kwa wenye vali bandia, waliowahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, na wenye aina fulani za kasoro za kuzaliwa. Uvujaji mdogo haumo. Kilichobaki ni kupiga mswaki kila siku na kumweleza daktari wa meno hali ya moyo, maana fizi zinazooza huingiza bakteria kwenye damu.

Liko jambo moja ambalo wengi hulinyamazia kwa kuhofia posa za binti. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na vali iliyokuwa kimya, hasa iliyosinyaa, inaweza kuanza kusumbua. Kwa uvujaji mdogo wengi hujifungua salama, ila kliniki ya wajawazito inapaswa kuambiwa tangu hudhurio la kwanza. Binti yangu sasa ana miaka 16 na analijua hilo. Tarehe za sindano na majibu ya eko, ambayo zamani niliyaandika mimi nyuma ya daftari lake la kliniki, siku hizi anayaandika mwenyewe.