Kufuga Punda kwa Ajili ya Ngozi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila yanapotajwa machinjio ya punda, hakosekani mtu wa kusema kwamba ufumbuzi ni mwepesi: tuwafuge kama tunavyofuga ng'ombe na mbuzi, tuwachinje kwa mpango, tuuze ngozi China, na mfugaji apate chake. Kauli hiyo huvutia kwa sababu sehemu yake ni kweli. Ngozi ya punda ina soko. Huchemshwa ili kupata jelatini ya kutengenezea ejiao, dawa ya jadi ya Kichina ambayo wilaya ya Dong'e katika jimbo la Shandong inasifika kwa kuitengeneza, na mahitaji ya viwanda vyake hukadiriwa kuwa mamilioni ya ngozi kwa mwaka. Lakini kuwapo kwa mnunuzi si ushahidi kwamba ufugaji wenyewe unawezekana.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba punda huzaana kama mifugo mingine. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano na mara nyingi huzaa pacha. Ng'ombe hubeba miezi tisa. Punda jike hubeba takriban miezi 12, pengine hata 14, naye huzaa mtoto mmoja tu, kwa kuwa mapacha ni nadra na wengi wao hawaponi. Mtoto huyo hunyonya kwa miezi kama sita, na hafai kuchinjwa mpaka apite miaka miwili. Tupige hesabu kwa ukarimu. Mwenye majike 100 wazima, kila mmoja akizaa mara mbili katika miaka mitatu, atapata watoto wapatao 66 kwa mwaka. Ukiondoa wanaokufa wachanga na wanaopotea kwa maradhi kabla ya kukua, zinabaki ngozi 50 au 55 katika mwaka mzuri. Kwa kiwango hicho, ngozi milioni moja kwa mwaka zinahitaji majike wanaokaribia milioni mbili, ilhali sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu punda wapatao milioni 1.2 nchi nzima, madume kwa majike, wakubwa kwa wadogo. Isitoshe, anayeanza leo atasubiri miaka mitatu hivi ndipo aione ngozi yake ya kwanza, na katika muda wote huo atakuwa analisha, anatibu na kulipa vibarua.

Husemwa pia kwamba punda hana gharama kwa kuwa hula chochote na hustahimili shida. Ni kweli kwamba huishi kwa majani makavu ambayo ng'ombe angeyakataa. Hata hivyo, kustahimili si kunawiri. Punda aliyezoea wenzake, akihamishwa ghafla na kusongamanishwa zizini na wageni, hasa akiwa na mimba, anaweza kuacha kula. Na mwili wake, ukikosa chakula, humwaga akiba ya mafuta kwenye damu kwa wingi kiasi cha kudhuru ini na figo. Utamwona amesimama pembeni, kichwa chini, masikio yamelegea, majani mabichi yako mbele yake wala hayagusi. Asipotibiwa mapema hufa, na mimba huenda naye. Maumbile yake huficha maumivu, kwa hiyo mchungaji asiye makini hugundua akiwa amechelewa.

Wengine hudhani kwamba teknolojia imekwisha kuliondoa tatizo la punda kuzaana polepole. Iwapo ingekuwa hivyo, China ingekuwa ya kwanza kufaidi, maana ina mitaji, watafiti, viwanda na wanunuzi mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na punda wapatao milioni 11. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 walikuwa wamepungua chini ya milioni tatu, licha ya miradi mikubwa ya ufugaji. Upandikizaji wa mbegu za dume zilizogandishwa, ambao umefanya kazi vizuri kwa ng'ombe, bado hushikisha mimba kwa kiwango kidogo kwa punda jike. Ndiyo maana wanunuzi waligeukia Afrika.

Kosa lililotuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kuamini kwamba machinjio yakifunguliwa, ufugaji utafuata wenyewe. Kenya ilianza kuchinja punda kibiashara huko Mogotio, kaunti ya Baringo, mwaka 2016, na baadaye machinjio yenye leseni yakafikia manne. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, iliripoti mwaka 2019 kwamba zaidi ya punda 300,000 walikuwa wamechinjwa katika muda usiofika miaka mitatu, kasi iliyozidi takriban mara tano ile ya kuongezeka kwao. Ufugaji haukufuata, na sababu yake ni ya kibiashara kabisa: mchuuzi anayemnunua mnadani punda aliyekwisha kukua halipii miaka mitatu ya malezi, kwa kuwa imelipwa na mwanakijiji aliyemlea kwa ajili ya kazi. Anayenunua punda wa wizi halipi hata hiyo bei ya mnadani. Mfugaji wa kweli hawezi kushindana na bei hizo mbili. Walioachwa na hasara ni watu walioamka asubuhi wakakuta mzoga umechunwa vichakani, na mwanamke aliyekuwa akileta madumu manne ya maji kwa safari moja akaanza kuyabeba mgongoni, moja moja.

Nyama nayo haiokoi hesabu. Kwa Waislamu nyama ya punda wa kufugwa ni haramu, na katika jamii nyingine nyingi za ukanda huu hailiwi, kwa hiyo gharama yote ya malezi huangukia ngozi peke yake.

Februari 2020 Peter Munya, waziri wa kilimo wa Kenya wa wakati huo, alitangaza marufuku ya uchinjaji. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Bado wapo watakaokuja na michoro ya mashamba ya punda. Waulizwe wana majike wangapi leo, na ngozi watakazouza katika miaka mitatu ya kwanza zitatoka kwa punda wa nani.