Maji meupe ya kisima, choo cha jirani na mtoto mchanga: maswali na majibu

Swali: Huku kwetu Dar ni mchanga mtupu, kisima kiko uani na choo cha shimo kiko nyuma ya nyumba. Kwani mchanga si unachuja? Maji yetu meupe kabisa.

Unachuja, tena sana, ila uliza unachuja nini. Mayai ya minyoo ni makubwa, yanakwama jirani na shimo, bakteria wengi nao wananasa kwenye punje au wanafia njiani, virusi ni wadogo zaidi kwa hiyo wanaweza kwenda mbali kidogo. Shida iko kwa vile vilivyoyeyuka ndani ya maji, hivyo havikwami popote, maji yakienda navyo vinaenda. Chumvi iko hivyo, na nitreti iko hivyohivyo, na hii nitreti ndo inanitia wasiwasi zaidi maana haina rangi wala harufu na kwa ulimi huwezi kuijua.

Swali: Hiyo nitreti inatoka wapi?

Mkojo na kinyesi, basi. Mkojo una yurea, shimoni inageuka amonia (ndo ile harufu inayochoma macho), ikishuka kwenye udongo wenye hewa bakteria wa udongoni wanaigeuza nitreti. Yaani ule udongo mkavu chini ya shimo unaokusaidia kuua vijidudu ndo huohuo unaotengeneza nitreti, na hili watu wengi hawalijui. Halafu amonia ikiyeyuka kwenye maji sehemu kubwa inakuwa amoniamu, nayo ina chaji chanya ya umeme, udongo wa mfinyanzi unaishika, lakini nitreti ina chaji hasi na mfinyanzi nao ni hasi, vinasukumana, inapita zake.

Swali: Inashuka haraka?

Inategemea udongo umelowa kiasi gani. Mchanga usiojaa maji una hewa kwenye nafasi zote kubwa, maji yanabaki utando mwembamba umezunguka punje, kama mchele uliooshwa ukamwagwa maji, umeshika unyevu ila haudondoshi. Kwenye huo utando maji yanatambaa taratibu mno, inaweza kuwa miezi, na huo upole ndo unaowapa vijidudu muda wa kufa. Nitreti haifi, yenyewe inasubiri tu. Kiangazi inajikusanya hapo juu, masika ikianza nafasi kubwa zinajaa maji, njia zinafunguka na mzigo wote unasukumwa chini, na wakati huohuo maji ya chini nayo yanapanda kwa hiyo ule udongo mkavu wa kukulinda unabaki kidogo au unaisha kabisa na shimo linaoga kwenye maji ya kisima. Hapo hata bakteria wanavuka.

Swali: Sasa madhara yake ni nini hasa?

Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Tumboni nitreti inageuka nitraiti, nitraiti inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Tazama midomo, ufizi na chini ya kucha, rangi inakuwa ya bluu au kijivu, damu yake ikitolewa inakuwa kahawia kama chokoleti. Ukiona hivyo usisubiri kesho, wahi hospitali, dawa ya mshipani ipo. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1945 huko Iowa, Marekani, kwa watoto waliopewa maji ya visima, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni nitreti isiyozidi miligramu 50 kwa lita. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu yuko salama zaidi, nitreti kidogo sana ndo inapita kwenye maziwa ya mama.

Swali: Mi nachemsha, na naweka dawa ya klorini.

Endelea, vinaua vijidudu na kipindupindu si mchezo. Ila kwa nitreti havisaidii, tena ukichemsha sana maji yanapungua na nitreti inabaki palepale, kwa hiyo inakolea. Zinazoiondoa ni zile mashine za presha zinazosukuma maji kwenye utando, ndo hizo wanazotolea chumvi.

Swali: Choo kikae mbali kiasi gani?

Mwongozo unaotumika sana unasema mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kugusa maji. Watu wanashika hiyo 30 tu wanasahau hiyo 1.5, wanachimba shimo refu hadi maji yatoke wakidhani refu ndo zuri! Na kwenye mawe ya matumbawe, Mombasa au Unguja, usitegemee namba hiyo, kuna nyufa maji yanakimbia humo bila kuchujwa na chochote.

Swali: Na sisi tulioshachimba, viwanja vidogo?

Peleka maji maabara yapimwe nitreti na bakteria, pima baada ya mvua maana kiangazi yanaweza kukudanganya. Kisima kiwe na ukingo, mfuniko, na simenti mita chache za juu. Msitapishe choo mvua ikinyesha, jamani, mnawanywesha majirani. Na mpaka majibu yatoke, maji ya kukorogea maziwa ya mtoto yasitoke hapo, tafuta ya bomba au ya chupa, ya kisima fulia na kudekia.