Kuteleza mawimbini kwa wasioona: ni mchezo gani, na unachezwaje?

Kuteleza mawimbini kwa wasioona ni tawi la mchezo wa mawimbi wa watu wenye ulemavu. Mchezaji asiyeona kabisa, au anayeona kwa shida, hulala kifudifudi juu ya ubao, hupiga makasia kwa mikono mpaka wimbi limnyanyue, husimama, kisha huteleza nalo kuelekea ufuoni akipinda na kukata kona kwenye ukuta wa maji. Majaji walio ufukweni humpa alama. Kila anayeusikia mchezo huu kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja: anajuaje wimbi liko wapi?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Wimbi halizuki tu pale ufuoni. Upepo wa dhoruba iliyo mamia au hata maelfu ya kilomita huko bahari kuu husukuma maji, na nguvu hiyo husafiri hadi pwani ikiwa imejipanga kwa mafungu: mawimbi makubwa kadhaa yafuatane, bahari itulie, kisha lije fungu jingine. Mtu aliyekaa juu ya ubao wake kwa muda huanza kuusikia mpangilio huo mwilini. Ubao hupanda, hushuka, hupanda tena, na muda wa katikati unahesabika. Wimbi likifika kwenye kina kifupi, sehemu yake ya chini hupunguzwa kasi na sakafu ya bahari huku ya juu ikiendelea mbele, na hapo ndipo linapoinuka na kuvunjika. Mchezaji husikia mkia wa ubao ukiinuliwa kwanza, kisha pua ya ubao ikiinama, kisha kasi ambayo haikutoka kwenye mikono yake. Hapo ndipo pa kusimama. Anayeona naye husimama kwa kuusikiliza mwili katika nukta hiyohiyo. Macho yake yamemsaidia zaidi kuchagua wimbi na kujiweka mahali pake.

Baada ya kusimama, masikio na nyayo huchukua kazi. Wimbi zuri halivunjiki lote kwa mpigo. Huanza upande mmoja na kuendelea kuvunjika kuelekea upande wa pili, kwa hiyo ngurumo ikiwa kushoto, njia iliyo wazi iko kulia. Ngurumo ikisogea karibu sana mgongoni, mchezaji anajua anachelewa na anapaswa kuongeza kasi; ikibaki mbali nyuma yake, amelikimbia wimbi na anapaswa kurudi palipo na nguvu. Nyayo humwambia mteremko ni mkali kiasi gani. Wengine hunyoosha mkono na kuupitisha kwenye ukuta wa maji ili wajue uko karibu kiasi gani. Upepo usoni unasema kitu, na maji yaliyolainika chini ya ubao yanasema kingine. Haya yote hutokea ndani ya sekunde chache, na hujifunzwa kwa miaka.

Hata hivyo mchezaji haingii majini peke yake. Yupo mwongozaji, na kazi yake ni nzito kuliko inavyoonekana ukiwa ufukweni. Humsaidia kupita kwenye povu, humweka mahali mawimbi yanapoanzia, huyatazama yanayokuja na kumtangazia: fungu linakuja, la kwanza liache, hili ni lako, linakwenda kushoto. Sauti yake inapaswa kuwa fupi na ya uhakika, maana upepo na povu hula maneno. Kuna jambo moja dogo linalowakanganya watazamaji. Kushoto na kulia katika mchezo wa mawimbi hutajwa kwa upande wa mchezaji anayeelekea nchi kavu. Aliyesimama ufukweni akitazama bahari huona kinyume chake, kwa hiyo akitaka kutoa maelekezo lazima ageuze kila neno kichwani kabla ya kulitamka.

Wapenzi wa riadha wanamkumbuka Mkenya Henry Wanyoike, aliyetwaa dhahabu ya mita 5,000 kwa wasioona kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, siku ambayo mwongozaji wake aliishiwa nguvu na Wanyoike akawa ndiye anayemvuta kuelekea mstari wa mwisho. Kwenye mbio kamba fupi huwaunganisha wawili hao kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye mawimbi hakuna kamba ya namna hiyo. Wimbi likishamchukua mchezaji, mwongozaji hubaki nyuma na sauti yake humezwa na maji. Kuanzia hapo kila uamuzi ni wa yule aliye juu ya ubao, na kwangu mimi hilo ndilo linaloupa mchezo huu uzito wake.

Kuanguka nako kuna elimu yake. Kila mchezaji wa mawimbi hufunga kamba inayounganisha kifundo cha mguu na ubao. Kwa asiyeona, kamba hiyo ndiyo njia ya kuupata ubao tena, na pia ni dira: ubao huelea, hivyo aliyezungushwa chini ya maji hadi akapoteza mwelekeo anaweza kuishika kamba na kuifuata kwenda juu. Hatari kubwa zaidi ni watu wengine. Siku za mazoezi bahari ni ya wote, na mchezaji asiyeona hawezi kumkwepa muogeleaji aliyekatiza njia yake. Ndiyo maana baadhi yao huvaa fulana ya rangi kali yenye maandishi kwamba mvaaji haoni, ili wanaoona ndio wampishe.

Kutoona kuna viwango, na mashindano yanalazimika kuvitenganisha. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISA, lina madaraja mawili ya wasioona: VI 1 kwa wasioona kabisa, na VI 2 kwa wenye uoni hafifu. Miaka ya mwanzo walishindana pamoja, jambo lililokuwa na kasoro, kwa sababu mtu anayeona kivuli cha wimbi likiinuka ana taarifa ambayo mwenzake hana. Lakini hata ndani ya uoni hafifu hakuna watu wawili walio sawa. Mmoja huona kama kupitia tundu dogo, katikati tu. Mwingine, kama Matt Formston wa Australia, amepoteza katikati na kubaki na kiasi kidogo cha pembeni. Yeye alipata maradhi ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, akiwa mtoto wa miaka mitano, akakua akiteleza mawimbini, na ametwaa ubingwa wa dunia mara kadhaa.

Aitor Francesena ana safari tofauti kabisa. Ni Mbaski kutoka Zarautz, mji wa pwani kaskazini mwa Hispania. Alizaliwa na glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, akapoteza jicho moja akiwa kijana, na mwaka 2012 akapoteza uoni wa jicho lililobaki baada ya kupigwa na wimbi. Kabla ya hapo alikuwa kocha anayeheshimika. Aritz Aranburu, mchezaji aliyefika ngazi ya juu kabisa ya kulipwa, alipita mikononi mwake. Francesena aliyafundisha mawimbi akiwa anayaona, kisha akarudi kushindana akiwa hayaoni, na akawa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Ukimlinganisha na Derek Rabelo wa Brazil, aliyezaliwa haoni na akajifunza kuteleza akiwa kijana hadi kufika Pipeline, wimbi la Hawaii linaloogopwa hata na wenye macho mazima, utaona kwamba wote wawili ni wasioona lakini vichwani mwao wana bahari mbili tofauti. Mmoja ana picha ya zamani ya kuirejea. Mwingine ameijenga bahari yake yote kwa sauti na mguso.

Ubingwa wa dunia wa ISA kwa watu wenye ulemavu ulianza mwaka 2015 huko La Jolla, San Diego, ukahamia Pismo Beach, kisha Huntington Beach, miji yote ya California. Alama hutolewa kama kwenye mashindano mengine ya mawimbi: kila wimbi hupewa kati ya 0 na 10, na mawimbi mawili bora ya mchezaji hujumlishwa, hivyo kilele ni 20. Majaji hutazama ugumu wa anachofanya, kasi, nguvu, na jinsi anavyounganisha mkato mmoja na mwingine. Hakuna alama za huruma, na nafurahi kwamba ni hivyo. Mchezaji asiyeona aliyechagua wimbi dogo akasimama tu hadi ufuoni hupata alama ndogo, na anastahili ndogo.

Nasisitiza hili kwa sababu habari zinazosambaa kuhusu wachezaji hawa ni za mawimbi makubwa. Mwaka 2022 Formston aliteleza kwenye wimbi la zaidi ya mita 15 huko Nazaré, Ureno, mahali ambapo korongo refu lililo chini ya bahari huyakuza mawimbi kupita kiasi. Ni jambo la kustaajabisha, ila ni kazi nyingine: mchezaji huvutwa na pikipiki ya majini, na kikosi cha uokoaji husubiri. Kwenye mashindano anakuwa na dakika zisizozidi nusu saa, mawimbi ya kawaida, wapinzani wa daraja lake, na ulazima wa kuchagua vizuri. Ukitaka kuupima uwezo wa mchezaji wa mawimbi asiyeona, mtazame huko.

Kuhusu Paralimpiki, mchezo huu bado uko nje. Kuteleza mawimbini kuliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, kukaendelea Paris 2024 kwa mashindano yaliyopelekwa Teahupo'o, Tahiti, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Ufaransa. Lakini Paralimpiki ya Los Angeles 2028 ilipoongeza mchezo mpya, uliochaguliwa ni kupanda kuta. Inaniuma, kwa kuwa ubingwa wa dunia ulikuwa umefanyika California hiyohiyo kwa miaka. Na hasara yake si ya heshima peke yake: nchi nyingi hugawa fedha za michezo ya walemavu kwa kufuata orodha ya Paralimpiki, hivyo mchezo ulio nje ya orodha huwaacha wachezaji wakijitafutia nauli zao na za waongozaji wao. Baada ya Los Angeles, michezo ya kuitazamia ni ya Brisbane, Australia, mwaka 2032.