Waya ulioanguka haujafa

Kila masika narudia maneno yaleyale: waya wa msongo wa kati (kama ule wa kilovolti 11, yaani volti 11,000) ukilala chini bila kutoa cheche, usidhani umekufa. Wateja wangu hujibu kwamba ungekuwa na umeme, fyuzi ingekuwa imeshakatika. Si lazima! Fyuzi na kinga za kituoni hukata pale mkondo unapozidi kiwango kilichowekwa. Waya wa kilovolti 11 ukiangukia mchanga mkavu au lami, ardhi hupitisha mkondo mdogo tu, pengine ampia chache, na kinga inauona kama mzigo wa kawaida. Laini inabaki na volti zaidi ya 6,000 dhidi ya ardhi, huku waya umetulia kwenye majani. Hata ikikata, laini nyingi zina rikloza, swichi inayorudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache.

Wengine husema mtaa mzima uko gizani, kwa hiyo waya hauna umeme. Na jenereta ya jirani je? Ikiwa imeunganishwa bila chenji ova, yaani swichi inayotenga nyumba na laini ya nje jenereta inapowashwa, umeme wake unaweza kurudi nguzoni hadi kwenye transfoma, na transfoma inayoshusha kilovolti 11 kuwa volti 400 hupandisha vilevile ikilishwa kinyume. Mafundi wa laini huuawa hivyo. Mwenye jenereta afunge chenji ova, tena kwa fundi mwenye leseni.

Wala si lazima uuguse waya. Volti za ardhini hupungua kadiri unavyouacha, kwa hiyo ukipiga hatua ndefu mguu mmoja unakuwa kwenye volti nyingi kuliko mwingine, na mkondo unapita mwilini. Ng'ombe, mwenye miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana, huanguka kabla ya mchungaji. Kaa mbali, mita 10 au zaidi. Ukijikuta karibu, banisha miguu na uiburute bila kuinua.

Usitegemee kandambili za mpira; hazikupimwa kwa msongo huo. Usidanganywe na ndege anayetua kwenye waya: anapona kwa sababu miguu yake yote iko kwenye waya mmoja. Wala usidhani waya umevikwa plastiki; kwa kawaida uko uchi.

Na volti 230 za nyumbani zinaua. Kifaa cha kukata umeme unaovuja huwekwa miliampia 30 kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Kama nyumba yako haina, kinunue kabla ya friji.